Wembe wa Marehemu, Povu la Mjane

Boti kutoka Bukavu ilitufikisha Goma saa nane mchana badala ya alfajiri. Mwanajeshi wa bandarini aliishika pasi yangu juu chini, akaisoma kwa makini, akanirudishia. Sikuwa nimewahi kukanyaga mji huu. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mtaa wa Himbi kuna vyumba, na kweli vilikuwepo, lakini vilikuwa vya wanunuzi wa kahawa na wageni wao. Kila mlinzi aliutazama mzigo wangu, kisha akanionyesha barabara inayopanda. Nikapanda. Nikapita Keshero, nikazidi kwenda, hadi nyumba za matofali zikaisha zikaanza za mbao, zimesimama juu ya mawe meusi ya volkano yasiyokubali jembe wala kigingi. Huko ndiko Ndosho. Wanaume walishuka mbio juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, zimelemewa na makaa na kabichi za Masisi.

Mwanamke mzee aliyekuwa akichambua maharage mlangoni pake aliniuliza kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili, ninatafuta nini.

"Chumba, mama. Cha wiki mbili."

"Wewe ni mutu wa serikali?"

"Hapana."

"Wa kanisa?"

"Hapana."

"Basi utalipa mbele."

Jina lake lilikuwa Mukantwari. Alinipa chumba cha nyuma, kitanda cha mbao na ndoo. Maji ya kuoga yaliletwa na mkwe wake, mwanamke wa miaka ishirini na sita au saba, mrefu, amevaa kitenge cheusi kilichofifia hadi kuwa rangi ya majivu. Nywele zake zilikuwa zimesimama pande zote kama kichaka kisichopita mtu. Nimezunguka vya kutosha kujua kwamba mwanamke haachi kichwa hivyo kwa uvivu. Nikamwamkia kama anavyoamkiwa aliyefiwa, naye akaitikia bila kuniangalia usoni. Alikuwa anaangalia kichwa changu, ambacho mimi hukinyoa kila siku ya tatu.

"Papa," akasema, "hiki kichwa unakinyoa weye mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Na hakitoki damu?"

"Mara chache."

"Unapaka nini?"

Nilidhani ni udadisi. Nikamwonyesha tyubu yangu ya krimu ya kunyolea na burashi yake. Aliishika ile tyubu kwa mikono miwili, akaifungua, akanusa, akaifunga vizuri kuliko nilivyokuwa nimeifunga mimi. Akaondoka.

Ilikuwa mwaka 1984. Majina ya Kikristo yalikuwa yameondolewa na serikali kwenye karatasi zamani. Kitambulisho chake kilisema Nyiransengimana, na ofisini aliitwa citoyenne, yaani raia, kama wanawake wote wa Zaïre. Nyumbani alikuwa Eugénie. Baba yake alichunga ng'ombe upande wa Rutshuru, na yeye alikuwa amekulia kwenye maziwa: kukamua, kufukiza vibuyu, kugandisha. Alipoolewa na Florent, mwana wa Mukantwari, na kuletwa Ndosho, alikuja na ufundi huo. Kwa miaka sita mtaa mzima ulikunywa maziwa yake ya mgando. Walisema mkono wake ulikuwa mzuri na ulimi wake mbaya. Mteja aliyelalamika kwamba maziwa ni mepesi aliambiwa, "Mepesi ni macho yako, rudisha kikombe."

Florent alikuwa dereva wa lori la viazi. Karibu mwaka mmoja kabla ya mimi kufika, lori lilimshinda kwenye mteremko wa kuingia Sake, likalala upande aliokaa yeye. Waliokuwa juu ya magunia waliruka. Florent alibaki ndani.

Ukoo wa Florent ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Masisi, watu wa misa na rozari, lakini matanga yao waliyamaliza kwa njia yao wenyewe. Sijaikuta njia hiyo mahali pengine, hata kwa majirani zao, na kila niliyemuuliza aliniambia, "Ni ya nyumba ile." Mjane hakati nywele mwaka mzima. Haendi sokoni. Mwaka ukitimia anakalishwa katikati ya kiwanja na kunyolewa mbele ya wote, mpaka mkono wa mama mkwe ukipita kichwani usikute hata unywele. Anayemnyoa ni mama mkwe mwenyewe. Wembe ni wa marehemu, uleule aliojinyolea ndevu, hauruhusiwi kubadilishwa. Povu ni la mjane. Analitafuta yeye, kwa akili yake, na hakuna anayeweza kumchagulia.

Kichwa kikitoka kizima, marehemu amemwachilia. Anachukua mtoto wake na kwenda anakotaka. Damu ikitoka, hata tone, marehemu amekataa, na mjane anaingia katika nyumba ya mdogo wa mumewe.

Mdogo wa Florent alikuwa Zéphirin. Alikuwa na mke tayari, watoto watano, na shamba la viazi huko Masisi lililohitaji mikono.

Haya yote nilielezwa na Eugénie mwenyewe siku ya tatu, amesimama mlangoni pa chumba changu, binti yake Valérie, wa miaka minne, amemshika kitenge. Alieleza kama mtu anayetoa taarifa ofisini. Zilibaki siku tisa. Baba yake alikuwa ametuma neno kwamba atampokea.

"Wembe niliuona," akasema. "Mama aliuficha katika bati na mafuta kidogo. Kutu iko, si nyingi. Siwezi kugusa wembe. Kwa hiyo yangu ni povu tu. Weye unanyoa kichwa kila mara. Niambie."

"Kichwa chako kina nini?" nikamuuliza. "Vipele? Uvimbe?"

Akainama, akazitenga nywele kwa vidole juu ya sikio la kushoto. Palikuwa na kovu lililoinuka, refu kama punje ya mchele, laini na jekundu kidogo. Alipokuwa mtoto alianguka kwenye mawe.

"Hapa," akasema. "Kwingine siogopi."

Nikamwambia ninachokijua, ambacho si kingi. Kwamba nywele zikatwe kwanza kwa mkasi, kisha kichwa kioshwe kwa maji ya moto na kufunikwa kwa taulo, ili unywele ulainike. Kwamba kinachopakwa kikae kichwani kidogo kabla ya wembe kupita. Kwamba wembe mbaya unahitaji kitu kinachoteleza zaidi, si kinachotoka povu jingi zaidi. Alisikiliza yote. Kisha akasema maneno ni maneno, alitaka kuona.

Basi nilijinyoa kwa vipande. Tuliketi uani mchana, yeye ameshika kioo, mimi na wembe wa zamani nilioutoa katika mfuko wangu, kwa sababu alisisitiza usiwe mpya. Upande wa kulia nilipaka sabuni ya bluu ya kufulia, ile ambayo karibu kila mjane wa ukoo ule alikuwa ameitumia. Ilikauka kabla sijamaliza kupaka, na wembe ukakwaruza kama unafuta sufuria. Nikatoka damu mahali pawili. Eugénie alipahesabu kwa sauti.

Nyuma nilipaka krimu yangu. Wembe ulipita vizuri. Lakini mnanaa uliokuwa ndani yake uliwasha kwenye ngozi iliyokwaruzwa, machozi yakanitoka, na Eugénie akaona jambo lingine.

"Nyeupe inafunika," akasema. "Hapa nyuma uko na kipele. Nilikiona kabla. Ulipopaka, kimepotea. Mama yeye atakionaje?"

Mukantwari alipita na ungo wake, akasimama.

"Papa, unalima shamba? Sehemu moja muhogo, sehemu moja mahindi?"

"Ninasaidia, mama."

"Haya. Mungu akuoteshee kitu."

Hakuuliza zaidi. Alijua tunachofanya. Nilimtazama akienda na sikuweza kujua kama alitaka mkwe wake abaki au aende. Ndiye aliyemtunza mwaka mzima. Wakati wa chakula walikula sahani moja.

Siku mbili baadaye nilishuka Himbi, kwa kuwa mjane hakuruhusiwa kuingia dukani. Eugénie alinipa kitenge chake cha harusi nikiuze, akanikataza kurudi na chenji. Duka nililoelekezwa lilikuwa la Buhendwa, Mshi wa Bukavu, mtu mnene aliyevaa abacost, lile koti la wakubwa wa Zaïre lisilovaliwa na tai, iliyofungwa hadi kooni. Aliwauzia wenye kahawa jibini, mvinyo na vitu vya kuogea. Nilimweleza shida bila kutaja jina la mtu.

"Kichwa cha mwanamke," akasema. "Kilaini kabisa. Wembe mbovu. Citoyen, unataka miujiza, nenda kwa mapadri."

Lakini alitoa vitu vitatu akavipanga mezani. Sabuni ya duara katika kibakuli cha mbao. Kopo la povu la kubonyeza, ambalo alilijaribu kwenye kiganja chake akacheka kama mtoto likifura. Na tyubu ndogo ya jeli, ya kunyolea, isiyo na rangi. Aliipaka mkononi juu ya baka lake la kuzaliwa. Baka lilionekana kama lipo chini ya maji safi.

"Hii hainunuliwi," akasema. "Bazungu wenyewe hawaitaki, wanataka povu. Wanaume wanapenda kujiona kama keki. Lakini muke wangu ananyolea hii mutoto wetu mwenye vidonda kichwani. Inateleza, haiwashi, na unaona kila kitu."

Nilimletea Eugénie ile jeli. Aliijaribu kwenye mkono wake, akipitisha kisu butu cha kumenyea viazi. Nywele ndogo zilitoka, ngozi haikuguna. Akapitisha tena. Ndipo nilipomwona akitabasamu kwa mara ya kwanza, na meno yake ya mbele yalikuwa yameachana.

"Kovu langu atalitazama macho kwa macho," akasema. "Na hata damu ikitoka kidogo, kwa kitu cha kuteleza namna hii, kidole kimoja kinapangusa."

Alikuwa amefikiria mpaka huko. Mimi sikuwa nimefikiria. Aliipeleka jeli kwa Mukantwari, kama desturi ilivyotaka, ili isisemwe kwamba imefichwa. Mzee aliiangalia kwenye mwanga.

"Ni kitu yako," akasema. "Umechagua."

Siku ya kumaliza matanga ilikuwa Jumamosi, baada ya kazi ya lazima ya salongo, na watu walikuja na majembe yao bado begani. Ndugu wa Masisi walikuwa wameshuka asubuhi na mitungi ya pombe ya ndizi. Zéphirin alikuwa mfupi kuliko nilivyomwazia, mwenye kikohozi na viatu vilivyopigwa rangi. Alinisalimia kwa adabu. Eugénie alikaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha mbele, kimya. Akishakaa pale mjane haruhusiwi kusema neno mpaka kichwa kioshwe.

Shangazi mmoja alizikata nywele kwa mkasi. Zilizobaki zilikuwa fupi kama za ndama. Maji ya moto yaliletwa, kichwa kikafunikwa kwa taulo, likaondolewa. Mukantwari akafungua lile bati, akautoa wembe wa mwanawe, ungali kwenye mashine yake ya chuma ya kunyolea, akaupangusa kwenye kitenge chake. Kisha akafungua jeli, akaanza kuipaka.

"Ngoja," akasema Zéphirin. "Povu iko wapi?"

"Ni hii."

"Hii ni mate, mama. Mimi naona kichwa tupu kinang'aa. Matanga yanaisha kwa weupe. Marehemu anaacha giza, anatoka katika weupe. Hapa nyeupe iko wapi?"

Wanawake wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kweli, bibi yake alinyolewa kwa povu jeupe kabisa. Mwingine akasema desturi haikutaja rangi. Mukantwari alisimama mikono imelowa, akigeuka huku na huku.

"Kama hana povu, tuahirishe," akasema.

"Tuahirishe na watu wameshuka? Na pombe imeiva?" Zéphirin akakohoa. "Mama, mimi sikutunga hii kitu. Mujane asiye na povu ananyolewa kavu. Ni hivyo, na weye unajua. Weye mwenyewe ulimunyoa muke wa kaka mukubwa kavu."

Mzee aliitazama mikono yake. Kumbe ilikuwa kweli.

Kavu, kwa wembe ule, maana yake ilikuwa moja tu. Nilimtazama Eugénie. Hakuweza kusema. Nikakimbilia chumbani, nikatoka na tyubu yangu ya krimu na burashi.

"Hii ni nyeupe," nikasema. "Nampa. Ikishakuwa yake ni ya mjane."

Zéphirin aliwaza. "Amekubali?"

Eugénie aliiangalia ile tyubu muda mrefu. Kisha akatazama kila aliyesimama pale, mmoja mmoja, kama anatafuta mwenye njia nyingine. Akatikisa kichwa kukubali. Alinyoosha kidole kuonyesha kwamba jeli ibaki chini, krimu iwe juu, na hilo hawakulipinga.

Burashi ilifanya kazi yake. Kwa dakika chache kichwa chake chote kilifurika weupe, na wanawake wakasema "Eee", wakaridhika. Kovu halikuonekana tena. Eugénie aliinua mkono akagusa juu ya sikio la kushoto, mara mbili.

"Asionyeshe," akasema mtu. "Kuonyesha ni kusema."

Mkono ukashuka.

Mukantwari alianza paji la uso akielekea nyuma. Nimewaona vinyozi wa miji mingi, na sijaona mkono mwangalifu kama ule. Kila mstari aliuosha wembe, aliukung'uta, alivuta ngozi kwa kidole gumba. Katikati ya kichwa pakatoka safi. Kulia pakatoka safi. Nyuma pakatoka safi, mpaka shingoni. Nilianza kupumua. Valérie, aliyekuwa amekaa mapajani mwa shangazi, alisema kwa sauti, "Mama amekuwa yai," na watu wakacheka, hata Zéphirin.

Kushoto alienda polepole zaidi. Alikuwa anakumbuka, niliona akipunguza mwendo kabla ya sikio, akipapasa kwa kidole. Lakini povu lilikuwa nene, na chini yake jeli iliteleza, na kidole kikapita juu ya kovu bila kulisikia.

Wembe ukakata. Halikuwa jeraha, lilikuwa tone. Punje ya mtama ingelifunika. Juu ya jeli peke yake lingekuwa kitone cha kupanguswa na kidole gumba. Juu ya weupe ule lilifunguka, likawa la waridi, kisha jekundu, likashuka polepole kuelekea shingoni, na kiwanja kizima kikalitazama likishuka.

Mukantwari alibaki ameshika wembe hewani.

"Nililikumbuka," akasema. "Nililikumbuka hili kovu. Sikuliona."

Akamaliza kunyoa, kwa sababu lazima kumaliza. Alilia huku akinyoa, na hakukuwa na damu nyingine. Akamwosha, akapitisha kiganja kichwani, kote. Kilikuwa laini kabisa. Zéphirin alikuwa ameuangalia ukuta muda wote huo.

"Mimi sikuomba damu," akasema. "Musiseme niliomba damu."

"Nyamaza ukunywe," mama yake akamwambia.

Eugénie sasa aliruhusiwa kusema. Aliomba maji ya kunywa.

Jumapili, baada ya misa, lori la kwenda Masisi lilisimama kando ya barabara likijaza chumvi na sabuni. Nilikuwa nimetafuta maneno usiku kucha katika lugha zote ninazozijua. Nilimkuta akifunga vibuyu vyake vya maziwa kwa kamba ya migomba, kitambaa kipya cheupe kimefungwa kichwani.

"Mama Valérie," nikasema, "ningeiacha ile krimu chumbani…"

"Wangeninyoa kavu."

"Au wangeahirisha. Mama alikuwa anataka kuahirisha."

Alikaza fundo kwa meno. "Papa, usijitie ukubwa. Wembe ulikuwa wa Florent."

Sikujua kama aliamini hivyo au alikuwa ananifukuza kwa adabu. Nikamuuliza kama baba yake huko Rutshuru atapelekewa habari. Akasema habari mbaya hazina haja ya kutumwa.

Mukantwari hakuja barabarani. Alibaki mlangoni na ungo wake, hachambui kitu.

Zéphirin alikuwa ameshafungua mlango wa mbele wa lori na kuweka mguu mmoja ndani. Eugénie alimfikia, Valérie mgongoni, vibuyu viwili mkononi.

"Shuka," akamwambia.

"Nini?"

"Mbele nitakaa na mutoto. Weye panda juu na chumvi."

"Mimi ndiye nimelipa nafasi."

"Na kikohozi chako ndicho kitamulalia mutoto wangu mpaka Masisi? Umesema marehemu amekataa kuniachilia. Haya, bado ni muke wa Florent mpaka tufike kwako. Muke wa dereva anakaa mbele. Muulize dereva."

Dereva, aliyekuwa amefanya kazi na Florent, aliweka mikono kwenye usukani akatazama mbele.

"Anakaa mbele," akasema.

Zéphirin alinitazama, kana kwamba mimi ni shahidi wa upande wake. Kisha akashuka, akazunguka nyuma, akapanda juu ya magunia na viatu vyake vilivyopigwa rangi. Watu waliokuwa juu walimcheka na kumsogezea nafasi. Eugénie alipanda, akamweka mtoto mapajani, akavipanga vibuyu kati ya miguu yake. Alifunga mlango kwa nguvu, mara mbili, maana mara ya kwanza haukushika.

Lori likaondoka kuelekea Sake. Hakuangalia nyuma, wala sikuona sababu ya yeye kuangalia. Nilibaki nimesimama mpaka mwanamke wa mahindi ya kuchoma aliyekuwa ameketi pale kando akaniuliza kama ninanunua au ninamzibia wateja tu.